Mstari Niliouruka

Mama Goreti tulimzika Jumamosi iliyopita, na watu walipokwisha kunawa mikono na kugawiwa chai, mwanamke mmoja wa kwaya yake aliniuliza tulijuana vipi, maana marehemu alikuwa Mrundi wa Bujumbura na mimi ni Mkongo wa Bukavu, na kanisani tulikaa benchi tofauti. Nilimjibu kwamba tuliwahi kuishi chumba kimoja kule mtaa wa Point. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuongeza sukari. Nilichomwambia kilikuwa kweli, ila kilikuwa kidogo mno. Sasa nina umri aliokuwa nao Mama Goreti wakati ule, magoti yananiuma kwenye ngazi kama yalivyomuuma yeye, na tangu Jumamosi akili yangu imekwama kwenye mwaka mmoja tu, mwaka wa Kombe la Dunia, ambao watu wa Durban wanaukumbuka kwa kelele za vuvuzela, na mimi naukumbuka kwa mzee mmoja aliyewahi kushindana kwa baiskeli.

Chumba chenyewe kilikuwa kipande cha sebule katika fleti ya zamani karibu na bandari, ghorofa ya nne, lifti imekufa kabla hatujafika. Sebule ilikatwa katikati kwa pazia. Upande wa dirisha tulikuwa mimi na Mama Goreti: kitanda kimoja, jiko la umeme la sahani moja juu ya meza, mabegi chini ya kitanda. Nyuma ya pazia walikaa mume na mke wa Uvira, waliogombana kwa sauti ya chini ili tusiwasikie, nasi tukanyamaza ili wasijue kwamba tunawasikia. Ugomvi wao wa mwaka ule ulikuwa mmoja. Mtu kaambiwa kwenye taksi, mwingine kaambiwa kwenye foleni ya duka, kwamba mpira ukiisha kila mgeni atarudishwa kwao. Mume alisema, "Iko sawa, tutarudi." Mke akauliza, "Tutarudi wapi?" Kisha kikasikika kijiko kikikwangua sufuria. Mama Goreti alikuwa hapo, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akimenya majimbi, yale ambayo Wazulu wanayaita madumbe na kwao Burundi yanaitwa amateke. Alisema ndicho kitu pekee cha Durban kilichomkaribisha kana kwamba kinamjua kwa jina. Aliyapika na maharage karibu kila siku, na mpaka leo nikila kitu hicho nasikia uchovu ukinipanda kutoka kwenye nyayo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilikuwa nimechoka kama bibi kizee. Nilisuka nywele saluni, nimesimama tangu asubuhi mpaka duka linafungwa, na vidole vyangu viligoma kukunjuka. Mama Goreti alifagia ngazi za majengo ya Greyville, na huko ndiko alikomsikia mwanamke mzungu akimlalamikia mlinzi kwamba anahitaji mtu wa kukaa na baba yake mchana, mtu anayejua Kifaransa, lugha ambayo mzee sasa anaitamani, na kwamba mashirika yote yanamletea watu wanaojua Kiingereza. Alirudi na ufagio mkononi, hata hakuuweka chini. "Sha, mdogo wangu, huyo anakutafuta wewe," alisema. "Ulisoma uuguzi. Na utakuwa unakaa kwenye kiti." Sikumaliza uuguzi, nilisoma mwaka mmoja tu. Lakini ile habari ya kiti ndiyo iliyonipeleka.

Mzee aliitwa Odilon. Alikuwa Mbelgiji wa upande wa Kifaransa, umri wake miaka tisini na minne, na fleti yake ya ghorofa ya tatu ilitazama uwanja wa mbio za farasi. Asubuhi farasi walitembezwa wakitoa moshi puani, naye alikaa kwenye kiti chake cha dirishani na blanketi magotini, akiwahesabu. Nyumba ilinukia kahawa na dawa ya misuli. Binti yake, Lise, alikuwa mwalimu kule Westville. Alipita asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, mwanamke wa miaka sitini aliyevaa viatu bapa, amezungukwa na mifuko, funguo mdomoni. Mama yake alikuwa Mwingereza wa hapahapa Durban, kwa hiyo yeye na baba yake walizungumza Kiingereza maisha yao yote. Siku ya kwanza alinionyesha dawa, taulo, sufuria ya supu, halafu akasimama mlangoni mwa jiko akaniambia jambo ambalo nadhani alimwambia kila mtu. "Baba yangu alikuwa wa tisa duniani. Baiskeli za barabarani, miaka michache kabla ya vita. Sisi hatukuwa na mali nyumbani, lakini tulikuwa na hiyo." Aliposema hivyo uso wake ulipoteza uchovu kidogo.

Yule mzee aliposikia lafudhi yangu alinigeukia. "Weye njo mutu wa wapi?" aliniuliza, kwa Kiswahili. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Katanga kwenye reli kabla ya kuhamia Durban, na Kiswahili alichorudi nacho kilikuwa cha reli. Leta kahawa. Fungula dirisha. Mbio. Nilipomsimulia Mama Goreti, alicheka bila furaha. "Hicho ni Kiswahili cha kuamuru," alisema. "Hawakujifunza kile kingine." Wiki za kwanza nilimjibu kwa Kifaransa kila aliponisemesha Kiswahili, nikitaka aone kwamba siamriwi. Aliona. Siku moja akanyoosha kikombe akakaa hivyo, akitafuta neno, na mwisho akasema, "Kahawa, mama, kama iko." Tangu hapo nikawa namjibu kwa Kiswahili.

Kila mahali mjini palikuwa na bendera na mpira. Redio haikuwa na habari nyingine. Yeye alikasirika. "Kombe, kombe," alinung'unika. "Hata miye nilikuwa ku shampiona ya dunia. Ya kinga." Kinga ndilo jina tunaloliita baiskeli kule kwetu, na kulisikia kutoka kinywani mwake kulinifanya nitabasamu bila kutaka. Basi akawa ananisimulia nikimkanda miguu, ile miguu myembamba yenye mishipa kama kamba chini ya ngozi: jinsi walivyofunga tairi la akiba mabegani, jinsi walivyotia mayai mabichi kwenye chupa, jinsi barabara ya mawe ilivyotikisa meno, mizunguko kumi kuzunguka mji mdogo wa nchi jirani, mvua tangu asubuhi. Alikwenda na rafiki yake wa kijiji kimoja, Firmin. Walichaguliwa pamoja. Lakini hadithi kila mara ilifika mzunguko wa tano au wa sita, halafu akasema amechoka, nimvishe soksi.

Barua ilifika kipindi cha baridi kilipoanza. Ilitoka kwa mtafiti mmoja wa Ubelgiji aliyekuwa akiandika juu ya mashindano yale, naye aligundua kwamba Odilon huenda ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wote walioanza siku ile. Ilikuwa kwa Kifaransa, kwa hiyo nilimsomea mzee asubuhi, yeye dirishani, mimi kwenye kigoda. Mtafiti alisema kwa adabu nyingi kwamba anakuja Afrika Kusini mwezi ujao na angefurahi kumtembelea. Halafu ukaja mstari huu: katika orodha niliyo nayo, jina lako limo kati ya walioacha mashindano, mzunguko wa nane, ningependa kusikia kutoka kwako kilichotokea. Odilon aliinua mkono. Akawatazama farasi, na safari hii hakuwahesabu. "Ile musitari," alisema, "usisomee Lise."

Jioni Lise aliketi jikoni bado na koti, akanywa maji ya bomba, akaniomba nimtafsirie. Nilimsomea barua yote kwa Kiingereza, nikaruka mstari ule. Sikumuuliza mzee sababu na sikujiuliza mwenyewe. Nilikuwa na safari ya kurudi Point kwa miguu, na kuruka mstari mmoja ni kazi ndogo kuliko kuusoma. Lise alifurahi mpaka macho yakamlowa. Alisema atampikia mgeni kuku, na kwamba hatimaye kuna mtu mwingine duniani anayejua. Nilimkunjia karatasi ile akaitia kwenye mkoba wake, na mstari wangu ukiwa humo ndani, kwa wino, kwa yeyote anayejua Kifaransa.

Kesho yake mzee alinisimulia yaliyobaki. Nilikuwa nimempa supu ya liki, naye alishika kijiko bila kukitumia. Alichanganya lugha zote mbili, akiteremka kwenye Kifaransa mahali pagumu. Mzunguko wa sita, alisema, kwenye mteremko kabla ya daraja dogo, Firmin aliteleza mbele yake na kuanguka vibaya. Yeye alikata kushoto akampita. Alisikia jina lake likiitwa mara moja tu. Mbele yake walikuwa watu wanane, alijisikia na nguvu kuliko siku yoyote ya maisha yake, akajiambia wapo watu kando ya barabara, watamwokota. Mzunguko wa saba alipofika pale pale, Firmin alikuwa amelazwa kwenye rundo la majani, amefunikwa koti la mwanamke, macho wazi. Walitazamana. "Nikainamisha kichwa," alisema Odilon, "nikapiga pedali." Mzunguko wa nane yalikuwepo majani na koti, Firmin hayupo. Hapo ndipo aliposimama. Hakuwa amechoka na baiskeli haikuwa imeharibika. Aliketi juu ya yale majani mpaka mashindano yakaisha, na hakuna aliyemuuliza anafanya nini. Firmin alifia hospitali kesho yake alfajiri.

Nilimuuliza basi kwa nini aliwaambia watu alimaliza wa tisa. Nilidhani ni aibu ya kushindwa. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyechelewa kuelewa. Waliporudi kijijini, mama wa Firmin alikuja kumuuliza kama mwanawe alikuwa peke yake pale alipoanguka. "Nikamwambia sijui, mama. Miye nilikuwa mbele. Nilimaliza ya tisa." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya ile tisa. Mtu aliyemaliza wa tisa hakuona kitu. Mtu aliyeacha mzunguko wa nane ataulizwa aliacha wapi, na kwa nini pale. Mwaka uliofuata aliomba kazi Kongo ili asikutane na yule mama njiani kila Jumapili. Huko, na baadaye Durban, hakuna aliyemjua Firmin, lakini tisa ilikwisha kuota mizizi. Mkewe aliipenda, kisha mtoto wao akaipenda, na angeing'oa vipi.

Sijui ni kwa nini nilimwambia yangu. Labda kwa sababu alikuwa mzee wa watu wengine na hatamwambia mtu. Nilikuwa na rafiki anaitwa Esperance. Tulisoma uuguzi mwaka mmoja, tukatoka Bukavu pamoja vita vilipotufikia, tukapita Tanzania, tukaingia Msumbiji. Katika mji mmoja wa kaskazini alishikwa na malaria, tukakaa siku tano kwenye nyumba ya wageni yenye kitanda cha kamba. Siku ya sita, asubuhi, dereva wa lori alisema anaelekea kusini, ana nafasi ya mtu mmoja. Esperance alikuwa amelala ameelekea ukutani. Niliweka chupa ya maji karibu na kichwa chake na nusu ya vidonge, nikatoka. Durban nilimwambia kila mtu, hata Mama Goreti, kwamba nilisafiri peke yangu. Odilon aliuliza jina lake. Nikamtajia. Alilirudia polepole, kwa Kifaransa chake cha kijijini, mara mbili. Kisha akasema supu imepoa, nikaenda kuipasha.

Mgeni alikuja Jumapili mchana, kijana mrefu mwenye miwani na bahasha kubwa. Lise alikuwa ametandika kitambaa cheupe, amemvalisha baba yake tai, na aliniambia nikae mezani kama wengine ili nisaidie lugha zikikwama. Tulikula kuku na viazi. Yule kijana alikuwa mpole kweli; alizungumza Kiingereza na Lise, Kifaransa na mzee, akamkatia nyama bila kumuaibisha. Baada ya kula alitoa kwenye bahasha picha iliyokuzwa. Vijana wamejipanga kwenye mstari wa kuanzia, mvua inang'aa kwenye mawe, na katikati yao vijana wawili mabega yakigusana, mmoja akicheka. Odilon aliweka kidole juu ya yule anayecheka, akakiacha hapo. Kijana akauliza taratibu, mbele ya Lise, kwa Kiingereza, kama sasa angependa kueleza sababu ya kuacha. Lise alitabasamu. "Samahani, orodha yako ina makosa," alisema. "Baba alimaliza wa tisa." Kijana akanitazama mimi, kwa sababu Lise alikwisha kumwambia ni nani aliyemsomea barua yake. Mimi nikautazama uma. Mzee hakuondoa kidole pale kwenye picha. Alisema kwa Kiswahili, ili nielewe mimi peke yangu, "Weye sema yote. Miye nimechoka."

Nikasema. Nilisema kwa Kiingereza changu cha saluni, mbele ya mifupa ya kuku, habari ya mteremko, majani na koti, na yule mama aliyekuja kuuliza. Nilitaka kusimama katikati lakini kila niliponyamaza mzee aligonga meza kidogo kwa kidole, niendelee. Nilipomaliza, kijana alivua miwani akaifuta. Lise alinyanyuka, akakusanya sahani, akaingia jikoni, na tukasikia maji yakifunguliwa. Nilimfuata. Alikuwa akiosha sahani ambazo zilikuwa kazi yangu.

"Ulijua," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, madam."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya barua. Nilikusomea, nikaruka mstari mmoja. Yeye aliniomba."

Alisugua sahani ileile muda mrefu. "Nimeishi naye miaka sitini," alisema. "Wewe una miezi minne. Siwezi kuwa na mtu ndani ya nyumba hii anayenichagulia cha kusikia. Kesho usije." Hakupaza sauti. Hata leo nikikumbuka maneno yale sioni pa kumlaumu.

Mpira ulianza. Mji mzima ulivaa njano, na kutoka dirishani kwetu tuliona watu wakishuka kuelekea ufukweni wakipuliza, mchana kutwa, mpaka masikio yakawa yanavuma hata palipokuwa kimya. Saluni walikuwa wameweka mtu mwingine. Nilikaa kitandani nikitazama pazia. Nyuma yake mume na mke wa Uvira walikuwa wamefunga mizigo yao kwa kamba, wakaifungua ili watoe sufuria, wakaifunga tena. Mama Goreti hakunikaripia. Siku ya tatu, akimenya madumbe, alisema tu, "Umemkosea yule madam wako mara mbili. Kwanza kwa kumficha, halafu kwa kumwambia mbele ya mgeni." Ndipo nilipomsimulia habari ya Esperance, maneno yote kwa pumzi moja, nikingoja aniondoe chumbani mwake. Kisu hakikusimama. Alimaliza kimoja, akakitia majini, akachukua kingine. "Kwa hiyo kitanda hiki tungelala watatu," alisema. Nimewahi kuhubiriwa na wachungaji wazuri sana, lakini sikumbuki neno lililowahi kunipunguzia mzigo kama lile, na wala sidhani kama alikusudia.

Lise alikuja Kombe likiwa katikati, mchana mmoja wa jua kali la majira ya baridi. Tulisikia viatu vikipanda, vikipumzika kila ghorofa. Alisimama mlangoni akihema, akatazama pazia, mabegi, jiko la sahani moja, na sikuona dharau usoni mwake. Aliona mahali pa kukaa ni kitandani tu, akakaa. Mama Goreti alimpa sahani ya maharage na majimbi, bila kuuliza, kama anavyompa mgeni yeyote, na Lise akala. Alikula yote. Halafu akaweka sahani magotini.

"Amepatwa na kiharusi kidogo," alisema. "Kiingereza kimemtoka. Anaongea Kifaransa tu, kutwa nzima, na mimi sielewi hata neno. Nimekaa naye siku tisa, baba yangu anaongea, na mimi simwelewi." Alikuwa amechoka mpaka midomo ilikuwa myeupe. "Njoo uniambie anasema nini. Chochote atakachosema. Usiruke."

"Sitaruka, madam."

Nikarudi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya mpira, kwa hiyo alikaa nami kutwa, upande wa pili wa kitanda, na daftari. Mzee aliongea, mimi nikatafsiri, yeye akaandika. Nadhani alingoja neno fulani. Lakini mzee alizungumza habari ya mbwa aliyefungwa mahali pasipostahili, ya viazi vilivyosahaulika mvuani, ya geti. Aliuliza mara nyingi kama geti limefungwa. Kila siku tulipomaliza Lise aliniuliza, kalamu bado mkononi, "Amenitaja?" Nami nikamjibu, "Hapana, madam. Leo amezungumzia mbwa." Yeye aliitikia kwa kichwa, akafunga daftari. Nilikuwa na uwongo mzuri mdomoni kila siku. Ungemfurahisha na nisingeulizwa na mtu. Kazi ya kutousema ilinichosha kuliko kumgeuza mzee kitandani.

Asubuhi moja alianza kuita, Firmin, Firmin, akitafuta kwa mikono juu ya blanketi. Lise aliniuliza maneno "niko hapa" wanayasemaje kwa Kifaransa. Nikamfundisha. Alijaribu mara mbili mdomoni. "Lakini hiyo si itakuwa kumdanganya?" aliuliza. Nilifikiri kidogo, kwa sababu lilikuwa swali la haki. "Wewe uko hapa, madam," nikamwambia. Akaushika mkono wa baba yake akasema, je suis là, kwa ulimi wake wa Kiingereza, je suis là, na mikono ikatulia. Alimwambia hivyo wiki zote zilizobaki. Mzee alifariki mwezi wa nane, saa nne asubuhi, farasi wakirudishwa mabandani, binti yake akiwa bado anayarudia yale maneno matatu, na ni mimi niliyemwambia kwamba anaweza kunyamaza sasa.

Mpira uliisha na hatukufukuzwa, si mwaka ule. Jirani zetu wa Uvira walifungua mizigo yao kabisa. Baada ya mazishi Lise aliniuliza nitafanya nini, nami nikamwambia kwamba kabla ya kutafuta kazi namtafuta mtu. Alinisikiliza habari ya Esperance hadi mwisho, akachukua kalamu. Kiingereza chake cha kuandikia ofisi kilikuwa kizuri, cha mwalimu asiyekubali kutojibiwa. Aliandika kwa watu wa kutafuta waliopotezana na wenzao, akaandika tena, na miezi mitano baadaye ikaja karatasi yenye namba ya simu ya Msumbiji. Niliibeba wiki mbili ndani ya Biblia ya Mama Goreti. Mwishowe ni Mama Goreti aliyenishika mkono, mchana, baada ya ibada, akanipeleka kwenye duka la simu la Mkongo mmoja pale chini, akanisukumia kwenye kibanda, akafunga mlango.

"Nani?" sauti iliuliza. Nilimjua kabla hajamaliza neno.

"Ni Nsimire."

Nikasikia kuku, na mtoto, na mtu akimwambia mtoto anyamaze.

"Nsimire wa shule?"

"Ndiyo."

"Uko muzima."

"Niko muzima. Esperance, mimi nilikuacha. Ulikuwa umelala na mimi nikaenda."

"Sikuwa nimelala," alisema. "Nilikusikia ukiweka ile chupa. Nikaamka nikasimama dirishani, nikakuona unapanda ile lori. Nikasema, ageuke tu. Haukugeuka."

Nilisema samahani. Nililisema kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, halafu kwa Kishi, lugha ya nyumbani, nikiwa nimeshika ukuta wa kile kibanda. Yeye hakusema ni sawa, na hakusema si sawa. Alipumua kwenye simu, pumzi ndefu ya mtu aliyekuwa ameinama muda mrefu na sasa anajinyoosha mgongo. Aliniuliza kama nina watoto. Nikasema bado. Akasema yeye anao wawili, mkubwa anasumbua. Mtoto akalia tena kule.

"Piga tena Jumapili," alisema. "Sasa hivi niko na nguo kwenye maji."

Jumapili nikapiga.